Mvua Ilirudi, Mkataba Ukabaki

Mwaka 2006 watu wa Dar es Salaam walijua namba moja ambayo hawakufundishwa na mtu yeyote shuleni: 690. Ni mita juu ya usawa wa bahari, na ni kiwango ambacho maji ya bwawa la Mtera yakishuka chini yake mitambo ya umeme haitakiwi kuyatumia tena. Bwawa likijaa hufika 698.5. Mita hizo nane na nusu za katikati ndizo zilizokuwa zikiamua kama feni itazunguka usiku au tutalala madirisha wazi na mbu wakitushukuru. Kwenye daladala ungemsikia mtu ambaye hajawahi kufika Iringa wala Dodoma akibishana na mwenzake kuhusu sentimita za Mtera, kwa uhakika uleule anaobishania Simba na Yanga.

Namba hiyo imenirudia kwa sababu siku hizi sehemu kubwa ya usomaji wangu ni uchumi wa mabadiliko ya tabianchi. Kila ninapokutana na modeli mpya ya kukadiria hasara zake najikuta naijaribu kwa Mtera: je, ingeweza kutuonyesha mapema yale yaliyotupata kati ya 2006 na 2008? Nyingi zisingeweza. Zingeuona ukame, zingehesabu megawati zilizokosekana, zingetoa asilimia ya pato la taifa, kisha zingefunga daftari. Kilichotugharimu hasa hakikuwa ndani ya ukame wenyewe. Kilikuwa katika yale tuliyoyafanya wakati wa ukame, ambayo mvua iliporudi hayakuondoka nayo.

Hesabu ya kawaida ya hasara za tabianchi inaanza na mchumi William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1991 aliandika makala ambayo ndani yake aliugawa uchumi wa Marekani kwa sekta. Kilimo na shughuli nyingine zinazotegemea sana hali ya hewa zilikuwa kama asilimia 3 ya pato. Asilimia 10 hivi ziliguswa kiasi. Asilimia 87 zilizobaki, alisema, haziguswi kwa kiwango cha kutisha: benki iko ndani, kiwanda kina paa, ofisi ina kiyoyozi. Mwaka uliofuata akaitoa modeli yake ya DICE, ambayo imekuwa mama wa modeli nyingi zilizofuata. Ndani yake, joto la dunia likipanda, kipande fulani cha pato la dunia kinakatwa. Katika toleo la 2016, nyuzi 3 zinakata asilimia 2 na kidogo. Nyuzi 6 zinakata asilimia 8.5.

Hebu itazame tena hiyo ya pili. Tofauti ya wastani wa joto la dunia kati ya zama zetu na kilele cha enzi ya mwisho ya barafu, wakati Canada karibu yote ilikuwa chini ya barafu, ni nyuzi 5 au 6 hivi. Yaani tuigeuze dunia kwa kiasi hicho, safari hii kuelekea kwenye joto, halafu uchumi upoteze kile ambacho nchi inayokua kama yetu inakipata kwa mwaka mmoja na miezi michache.

Jumatatu ya tarehe 8 Oktoba 2018 mambo mawili yalitangazwa siku moja. Huko Incheon, Korea Kusini, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi lilitoa ripoti yake kuhusu kuzuia joto lisizidi nyuzi 1.5. Huko Stockholm, Nordhaus alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na Paul Romer. Njia ambayo modeli yake iliiona kuwa bora kiuchumi ilifikisha joto la nyuzi 3.5 hivi ifikapo 2100. Ni kama daktari mmoja anakwambia acha sigara leo, na wa pili, mwenye medali, anakwambia pakiti mbili kwa siku ndiyo kipimo chako.

Wachumi wenyewe waligombana zaidi kuhusu namna ya kupunguza thamani ya hasara za baadaye. Ripoti ya mchumi Nicholas Stern kuhusu tabianchi, iliyotolewa Uingereza mwaka 2006, ilitumia kiwango cha asilimia 1.4 hivi kwa mwaka. Kwa kiwango hicho, hasara ya shilingi milioni moja itakayotokea miaka 100 ijayo leo inahesabika kama shilingi 249,000. Ukitumia asilimia 5, ambayo haiko mbali na aliyoitumia Nordhaus, hasara hiyohiyo leo ni kama shilingi 7,600. Ugomvi ni wa kweli, lakini kwa maoni yangu umepewa nafasi kubwa kuliko unavyostahili, kwa sababu pande zote mbili zilikubaliana kimyakimya juu ya jambo lililo baya zaidi: kwamba hasara ya uchumi ni jumla ya hasara za vipande vyake.

Mwaka 2006 niliishi Mwananyamala kwa mama mdogo, aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju na maji ya kandoro kutoka kwenye friza lake moja. Mgawo ulianza asubuhi ukaisha jioni, siku nyingine ukapitiliza. Friza likikaa saa zote hizo bila umeme, ukwaju haugandi. Unabaki juisi vuguvugu ndani ya mfuko. Akaacha. Jirani wa kulia alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na nondo za madirisha. Yeye alisimama kabla hata ya mama mdogo, maana mashine ya kuchomelea haiendeshwi na jenereta dogo. Vijana wake ndio waliokuwa wateja wakuu wa mama ntilie wa kona, kwa hiyo naye akapunguza unga anaosonga mchana. Aliyeinuka ni mwenye saluni ya kunyoa. Alinunua jenereta dogo la Kichina, akalifunga kwa mnyororo kwenye mwarobaini, moshi ukawa unaingia madirishani kwetu, na bei ya kunyoa ikapanda kutoka shilingi 500 hadi 700 kwa sababu ya petroli. Mtaa mzima ukawa unachaji simu kwake kwa malipo. Kufa kufaana.

Umeme ulipotulia mwaka uliofuata, bei ya kunyoa ilibaki palepale kwenye 700. Fundi alikuwa ameshaiuza mashine yake na kuhamia Mkuranga. Mama ntilie, vijana wa kuchomelea walipoondoka, alihamishia meza yake jirani na saluni, ambako wateja walikuwa wanasubiri zamu. Ukipita mtaani hapo mwaka 2007 usingeona dalili yoyote ya ukame, na bado karibu kila kitu kilikuwa kimekaa pale kilipo kwa sababu ya ukame.

Sasa tupande juu mpaka maji yanakotoka. Mito inashuka kutoka milima ya Mbeya na Njombe, inaingia bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, na huko inakutana na mpunga. Mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga yana maelfu ya hekta, na pembeni yake wakulima wadogo wamechimba mifereji yao. Maji yanayobaki yanaingia kinamasi cha Ihefu, yanatokea upande wa pili kama Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Ruaha, yanafika Mtera, yanateremka hadi Kidatu, na mwisho yanaingia Rufiji. Mtera ina mtambo wa megawati 80 na Kidatu 204. Kwa pamoja mitambo hiyo miwili ilikuwa nusu ya uwezo wote wa umeme wa maji kwenye gridi ya taifa, yaani megawati 284 kati ya 561. Mpunga wa Mbarali na feni ya Mwananyamala vilikuwa vinakunywa mto mmoja.

Tangu 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi chini ya Ihefu, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Mwaka 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 mto ungekuwa unatiririka mwaka mzima. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliunda kikosi kazi cha kuuokoa mto huohuo. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo ilipo hadithi yenyewe.

Nani alilaumiwa? Kwanza wakulima wa mpunga, kisha wafugaji. Kuanzia 2006 hadi 2007 wafugaji waliondolewa Usangu na ng'ombe wao, wengi wakielekezwa Lindi, Kilwa na Rufiji. Hoja ilikuwa kuokoa maji ya Ihefu, na kupitia Ihefu kuokoa Mtera. Lakini watafiti waliopima maji ya Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wameshaonyesha jambo ambalo lilistahili kusikilizwa. Maji yanayochukuliwa kiangazi ni mengi kwa mto, kiasi cha kuukausha, lakini ni machache kwa bwawa. Mtera inaweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 3, na inajazwa masika na mito mitatu, Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo. Bwawa lenyewe ni pana na halina kina kirefu, kwa hiyo jua linakunywa sehemu yake kubwa. Kinachoamua kama mwakani litakuwa na maji ni namna linavyofunguliwa mwaka huu. Kulifungua sana mwaka wa mvua, kwa sababu umeme wa maji ni rahisi na mafuta ni ghali, ni kukopa kutoka mwaka wa ukame.

Kwa hiyo ng'ombe waliondoka, bwawa halikupata nafuu iliyotarajiwa, na ng'ombe wenyewe hawakuyeyuka. Walishuka chini ya bonde lilelile. Rufiji na Kilwa, ambako wakulima hawakuwa na mazoea ya kuishi na mifugo mingi, ugomvi wa mashamba na malisho ukaanza na haujaisha. Katika modeli ya sekta, umeme una mstari wake na ufugaji una mstari wake. Hakuna mstari wa ng'ombe aliyehamishwa Mbarali kwa ajili ya taa za Dar akala mihogo ya mtu Rufiji.

Sasa tuje kwenye mikataba.

Ukame wa mwanzo wa miaka ya 1990 ulileta mgawo, na mgawo ulileta haraka. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba na kampuni ya IPTL wa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, unaochoma mafuta mazito, kwa miaka 20. Mtambo haukuanza kuzalisha mpaka 2002, baada ya mvutano uliofika kwenye usuluhishi wa kimataifa, na kufikia wakati huo ukame uliouleta ulikuwa historia. Malipo ya mtambo wa namna hii yana sehemu inayolipwa uwake usiwake. Ugomvi kuhusu sehemu hiyo ndio uliozaa akaunti maalumu Benki Kuu, na fedha zilizotolewa humo, zaidi ya shilingi bilioni 200, ndizo zilizolitikisa Bunge mwaka 2014. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akajiuzulu, Waziri wa Ardhi akaondolewa, Waziri wa Nishati akafuata Januari 2015. Wahisani nao walikuwa wameshazuia msaada wao wa bajeti.

Mwaka 2006, Mtera iliposhuka, tulirudia. Juni ya mwaka huo ulisainiwa mkataba na kampuni ya Richmond wa megawati 100 za dharura. Vuli ya 2006 ikaja na mvua nyingi, mabwawa yakajaa, mitambo ikiwa bado haijawasili yote. Mkataba ukahamishiwa kwa kampuni ya Dowans, na magazetini ikawa inatajwa shilingi milioni 152 kwa siku. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikatoa taarifa yake, na tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, akisisitiza kwamba hakutendewa haki kwa kutosikilizwa. Mawaziri wawili wakaondoka naye, Rais akalivunja Baraza la Mawaziri. Miaka miwili baadaye usuluhishi wa kimataifa ukaamuru shirika la umeme, Tanesco, liilipe Dowans zaidi ya dola milioni 60.

Najua hapa msomaji anasema: huo ni ufisadi na uzembe, usimsingizie mungu wa mvua. Nilibishana hivyohivyo na mwalimu wangu mmoja wa zamani pale Mlimani. Hoja yake ilikuwa kwamba tukianza kuhesabu mikataba mibovu kama hasara ya tabianchi, hesabu haitakuwa na mwisho, na kila kiongozi atajificha nyuma ya mawingu. Ni hoja nzito. Lakini angalia kinachotokea kwa utaratibu wenyewe. Mwaka wa mvua zabuni ina muda, wakaguzi wana muda, mwenye mtambo anajua kuna wenzake wanaosubiri nje. Mwaka wa ukame viwanda vinapiga kelele, hospitali zinaunguza dizeli, na anayeuza mtambo anajua huna pa kwenda. Bei inapanda, masharti yanakuwa ya upande mmoja, na hatua zinarukwa kwa sababu iliyo halali kabisa, kwamba ni dharura. Ufisadi haukuletwa na ukame. Ukame uliufungulia mlango. Na mkataba una tabia moja ambayo mvua haina: haupungui wenyewe.

Hicho ndicho wanachokisoma wachumi wa mifumo changamani, yaani mifumo ambayo vipande vyake vinasukumana. Mzizi wao mmoja uko Santa Fe, Marekani, ambako mwaka 1987 wanafizikia na wachumi, akiwemo Kenneth Arrow, walikutanishwa kujaribu kuongea lugha moja. Brian Arthur, aliyezaliwa Belfast, alikuwa mmoja wao. Makala yake ya 1989 ilieleza kwamba teknolojia mbili zikishindana, na kila moja inazidi kunoga kadiri watu wanavyoizoea, tukio dogo la mwanzoni linaweza kuamua mshindi, na baada ya hapo kurudi nyuma ni ghali hata kama mshindi si bora. Jenereta la mwenye saluni, bei ya 700, miaka 20 ya IPTL: hayo ndiyo anayoyaeleza.

Wanachokifanya kwa vitendo ni hiki. Badala ya kuandika mlinganyo mmoja wa uchumi mzima, wanajenga ndani ya kompyuta kampuni nyingi, benki na kaya, kila mmoja na kanuni zake rahisi: akiba ikishuka, punguza wafanyakazi, mkopo ukichelewa, banwa na benki. Halafu wanaachia ukame au mafuriko yapige hapa na pale, si wastani kwa wote. Francesco Lamperti, Giovanni Dosi na wenzao walichapisha modeli ya namna hiyo mwaka 2018. Hasara ilitoka kubwa kuliko ile ya modeli za kawaida, kwa sababu pigo kwa kampuni chache lilipita kwenye benki, likapita kwenye ajira, likarudi kwa kampuni ambazo hazikuguswa na hali ya hewa hata kidogo. Mwaka uliotangulia Stefano Battiston na wenzake walikuwa wameonyesha jambo linalofanana kwa mabenki na wawekezaji wa Ulaya. Ukihesabu kile walichonacho moja kwa moja kwenye kampuni za mafuta na makaa ya mawe, ni kidogo. Ukifuata nani anamdai nani, unakuta karibu wote wamefungwa kwenye kamba moja.

Sitaki kuwauza kupita kiasi. Modeli hizi zina vitufe vingi, na mwenye kuzungusha vitufe vingi anaweza kupata karibu jibu lolote analolitaka. Pia hazikupi namba moja ya kupeleka Hazina, na Hazina inataka namba moja. Lakini afadhali modeli inayokupa picha chafu ya mfumo ulio hai kuliko inayokupa desimali safi za mfumo usiokuwepo. Kwa takwimu za wakati ule, uchumi wa Tanzania ulikua kwa asilimia 7.4 mwaka 2005 na asilimia 6.7 mwaka 2006. Pungufu ya 0.7. Kwenye mchoro ni kijibonde ambacho ungekidhania kosa la mkono, na ndani yake kuna waziri mkuu, maelfu ya wafugaji na fundi wa kuchomelea wa Mwananyamala.

Mfumo unaonasa kwenye mabaya unaweza pia kunasa kwenye mazuri, na hapa ndipo watu hawa wamepata ushindi wao ulio wazi zaidi. Doyne Farmer, mwanafizikia aliyeanza ujana wake kwa kutengeneza na rafiki zake kompyuta ya kuficha mwilini ili washinde ruleti kwenye kasino, sasa yuko Oxford. Yeye na Rupert Way, Matthew Ives na Penny Mealy walichapisha mwaka 2022 hesabu ya gharama za kuhama kutoka mafuta. Walirudi kwa kanuni ya mhandisi Theodore Wright ya mwaka 1936, aliyegundua viwandani kwamba kila idadi ya ndege zilizokwisha kutengenezwa inapoongezeka maradufu, gharama ya kutengeneza ndege moja inashuka kwa asilimia ileile. Paneli za jua zimeifuata kanuni hiyo kwa miongo mingi, na bei yake ilishuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2010 na 2020, huku modeli kubwa za nishati zikikosea mwaka hadi mwaka kwa upande uleule, zikidhani jua litabaki ghali. Mafuta na makaa ya mawe hayana tabia hiyo. Ukiondoa kupanda na kushuka, bei yake haijaonyesha mwelekeo kama huo kwa zaidi ya karne. Jibu lao likawa kwamba kuhama haraka kunaelekea kuwa rahisi kuliko kuhama polepole, kwa sababu haraka yenyewe ndiyo inayoshusha bei.

Huku kwetu jambo hilo lilitokea bila kusubiri wachumi. Utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) wa mwaka 2016 ulikuta kwamba vijijini, kati ya kaya zenye umeme, zaidi ya nusu zilikuwa zinatumia umeme wa jua. Mtu alinunua paneli ya taa mbili na kuchajia simu, jirani akaona, fundi wa kijiji akajifunza kuzifunga, duka la senta likaanza kuleta betri. Hakuna aliyesaini mkataba wa miaka 20 na jua.

Na serikali? Ilijenga bwawa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024, na ukamilishwaji wa mitambo yote tisa umelifikisha megawati 2,115, zaidi ya uwezo wote wa gridi kabla yake. Ni kazi kubwa, na mtu aliyeishi mgawo wa 2006 hawezi kulibeza. Kufikia Aprili 2024 umeme ulikuwa mwingi kuliko mahitaji, mitambo kadhaa ya maji ikazimwa, huku chini ya bwawa mvua za El Niño zikiwa zimeifunika Rufiji kwa mafuriko. Wakazi wakalilaumu bwawa, serikali ikalaumu mvua.

Lakini fuata maji. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji juu ya bwawa hilo. Mtera, Kidatu, Kihansi na Julius Nyerere yote yako ndani ya bonde moja la Rufiji. Mchango mkubwa wa maji ya bwawa jipya unatoka Kilombero, ambako nako mashamba ya mpunga na miwa yanapanuka, na hiyo ni nafuu fulani, kwa kuwa Kilombero haijakauka kama Ruaha. Ila ukame mkubwa wa nyanda za kusini hauulizi mipaka ya mito. Mwaka 2017 Declan Conway na wenzake walionya katika utafiti wao kwamba mipango ya mabwawa ya mashariki na kusini mwa Afrika inazidi kuweka umeme mwingi kwenye maeneo ambayo mvua zake hupungua kwa pamoja. Wastani wa mvua wa bonde unaweza kuwa mzuri kwa miaka 30, na mwaka mmoja wa 690 ukatosha kuturudisha kwenye meza ya mikataba ya dharura. Safari hii tutakuwa tunatafuta megawati 2,000, na tutamkuta muuzaji yuleyule anayejua kwamba hatuna pa kwenda.

Ndiyo maana sikuungana na kelele za Machi 2025, Rais Samia alipotangaza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Watu waliuliza, na swali lilikuwa la haki: tumejenga bwawa kubwa namna hii, tumezima mitambo kwa kuzidiwa na umeme, halafu tunanunua? Serikali ilijibu kwa hesabu ya umeme unaopotea njiani kutoka kusini hadi Kilimanjaro na Arusha. Mimi ningejibu kwa mvua. Mabwawa ya Ethiopia hujazwa na mvua za Juni hadi Septemba, Rufiji hujazwa kati ya Novemba na Mei. El Niño mara nyingi hupunguza mvua hizo za nyanda za juu za Ethiopia, na huohuo huongeza vuli yetu. Waya unaounganisha mabonde mawili yasiyokaukiwa kwa pamoja una thamani ambayo huioni mwaka wa mvua. Masharti yake yanapaswa kuandikwa wakati Mtera imejaa, Bunge likiwa na muda wa kuusoma mkataba ukurasa kwa ukurasa, na Waethiopia wakijua kwamba tunaweza kusema hapana.